Mnauliza Tunajibu: Kulala Botini Siku Kadhaa, Visiwa na Matumbawe

Toka tugusie habari za safari za boti za siku kadhaa, zile mnalala humo humo na kila asubuhi mnaamkia kisiwa kingine, maswali yamekuja mengi kweli, nimechukua yale yanayojirudia. Kabla sijaanza niwaambie mapema nimesimama wapi ili mkisoma msishangae: watu wengi wanachagua boti kwa picha ya kitanda, na kwangu kitanda ndo kitu cha mwisho kabisa kuangalia. Angalieni msimu, angalieni nahodha na mabaharia wake, alafu mjue boti ikifika kwenye mwamba inafungwa wapi. Hayo matatu yakikaa sawa hata ukilala kwenye kijichumba kidogo utarudi unasimulia.

SWALI: Mimi na mume wangu tunataka kwenda kuona matumbawe ila tumegawanyika, yeye anataka ile meli kubwa yenye mabwawa ya kuogelea na sinema, mimi nataka boti ndogo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada, kama mnachofuata ni matumbawe basi uko sahihi wewe. Meli kubwa za siku hizi ni kubwa mno, Icon of the Seas iliyoanza safari 2024 inaweza kubeba abiria 7,600, sasa chombo cha namna hiyo kitasogelea vipi mwamba? Matumbawe yanayojenga mwamba yanahitaji mwanga wa jua kwa hiyo yanastawi kwenye maji mafupi, na maji mafupi ndo meli kubwa inayakimbia. Itabaki bandarini au mbali huko, nyie mtashushwa asubuhi mpelekwe mahali pamoja na mamia ya wenzenu, mkae masaa machache, mrudishwe kabla jua halijashuka.

Boti ya watu kumi mpaka thelathini inalala pale pale jirani na mwamba, na faida yote iko hapo. Unashuka majini alfajiri kabla boti za kwenda na kurudi hazijafika, maji yametulia, samaki hawajasumbuliwa. Jioni unashuka tena. Usiku kama unapiga mbizi unashuka na tochi na hapo ndo utaelewa kwanini watu wanarudia hizi safari, maana matumbawe mengi yanatoa minyiri yake usiku kukamata chakula, lile ulilopita mchana ukadhani jiwe la rangi usiku unaliona linakula, kamba na kaa wametoka, pweza yuko kazini. Hiyo huwezi kuiona kwa safari ya mchana mmoja, hata ulipe kiasi gani.

Pa kwenda ni pengi. Wengi wanaanza na visiwa vya Whitsunday huko Australia, viko 74, vimekaa karibu karibu na maji kati yake yametulia kiasi, siku mbili tatu zinatosha kuonja. Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia, wenyewe una urefu wa kilomita kama 2,300 na miamba karibu 3,000, kwa hiyo akitokea mtu anakuahidi wiki moja "kuizunguka yote" mkimbie. Raja Ampat huko Indonesia kuna visiwa zaidi ya 1,500 na takriban robo tatu ya aina zote za matumbawe magumu zinazojulikana duniani zinapatikana pale, na kwa vile visiwa vimetawanyika hivyo boti ya kulala ndo njia inayoeleweka zaidi. Indonesia pia utakuta zile boti za mbao wanaziita pinisi, ufundi wa kuziunda uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2017, ni vyombo vizuri sana kuvitazama, ila uzuri wa mbao usikufanye usahau kuuliza mambo ya usalama, nitayafikia chini.

Mumeo naye nisimtupe. Kama mna watoto wadogo sana au mzee ambaye ngazi zinamsumbua, meli kubwa inawafaa zaidi, haichezi sana na ina daktari. Ila basi mkubaliane kwamba hiyo ni safari ya meli, matumbawe mtayapitia tu.

SWALI: Kila kampuni inaniambia "msimu mzuri ni sasa". Ukweli ni upi?

JIBU: Ukweli ni kwamba hakuna msimu mmoja wa dunia nzima, na swali la kwanza siyo lini, ni unaenda kuona nini.

Anza na dhoruba. Karibiani msimu wa vimbunga unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, ukikuta bei zimeshuka sana mwezi wa tisa huko ujue sababu. Kusini mwa ikweta, Australia na Fiji na jirani zake, vimbunga ni kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Karibu kabisa na ikweta vimbunga ni nadra, ndo maana Raja Ampat haina hofu hiyo, pale kinachoamua ni upepo, na miezi ya Oktoba mpaka Aprili bahari inatulia zaidi. Komodo, visiwa vingine vya huko huko Indonesia, ni kinyume, ukavu wake ni Aprili mpaka Novemba. Boti nyingi za Indonesia zinahama kabisa, katikati ya mwaka ziko Komodo mwisho wa mwaka zinaelekea Raja Ampat, kwa hiyo boti inayokwambia iko Raja Ampat mwaka mzima iulize vizuri mwezi wa saba inafanyaje.

Sasa hapa kwenye Maldives ndo penye utamu. Huko wanaishi na pepo zile zile mbili, kaskazi na kusi. Wakati wa kaskazi, hasa Januari mpaka Aprili, jua kali, bahari shwari, maji maangavu, na kila mtu anataka kwenda. Kusi ikiingia kunakuwa na mvua na mawimbi na maji yanapoteza uangavu, lakini kinachoyatia ukungu yale maji ni planktoni, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, na planktoni ndo chakula cha wale samaki taa wakubwa wanaoitwa manta na cha papa potwe. Ghuba ya Hanifaru kwenye atoli ya Baa, yaani visiwa vilivyokaa kama pete, inajaa manta kuanzia kama Juni mpaka Novemba, wanazunguka wakila kwa makundi, jambo ambalo mtu aliyeenda Februari "msimu mzuri" anaweza asilione kabisa. Mimi ningeulizwa ningechagua mvua na manta. Mwingine anataka jua na picha nzuri, naye hajakosea, ila achague akijua.

Great Barrier Reef vivyo hivyo, Juni mpaka Oktoba hewa ni nzuri na kavu, na Juni na Julai upande wa kaskazini wanapita nyangumi wadogo aina ya minke ambao wanazisogelea boti wenyewe. Novemba, siku chache baada ya mwezi mpevu, matumbawe mengi yanazaa kwa pamoja usiku, mayai yanapanda juu kama mvua inayonyesha kwenda mbinguni, lakini kuanzia hapo mpaka karibu Mei kwenye pwani ya kaskazini kuna viwavi wa baharini wenye sumu kali sana, unavaa suti ya kufunika mwili wote na hilo halina mjadala.

Jambo moja ambalo makampuni hawalisemi: uliza pia kuhusu mwezi wa angani. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, inakuja na mikondo mikali, na sehemu kama Komodo ambapo maji yanapita kwenye milango myembamba kati ya visiwa mkondo unaweza kumbeba hata mpiga mbizi mzoefu. Kama ndo unaanza, panga safari iangukie maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana.

SWALI: Siwezi kuogelea, marafiki zangu wote wanapiga mbizi. Nikienda si nitakaa tu juu nikiwaangalia?

JIBU: Hapana mdogo wangu, usiache. Kuna kitu wapiga mbizi wenyewe wanakijua ila hawakisemi sana, rangi ziko juu. Maji yanameza mwanga mwekundu kwanza, ukishuka mita chache tu nyekundu inaanza kufa, ukizidi mita kumi kila kitu kinaelekea bluu na kijani mpaka uwashe taa. Mtu anayeelea juu na miwani na snokeli, ule mrija wa kupumulia, kwenye mwamba wa mita mbili tatu anaona rangi kuliko aliyeko mita ishirini chini.

Ila usiende mikono mitupu. Miezi kabla ya safari ingia bwawani na mwalimu, ujifunze kuelea, kuvaa miwani ya maji, kuyatoa maji yakiingia, kupumua taratibu kwa mdomo, maana kinachoua mtu majini mara nyingi ni kupaniki na bwawani ndo pa kuimalizia hiyo paniki. Kwenye boti waambie siku ya kwanza kabisa, kwa sauti, siogelei. Boti nzuri itakupa boya la kuvaa na mtu wako mmoja wa kukaa na wewe majini. Boti ikikuambia "usijali, maji yenyewe mafupi", kaa juu.

SWALI: Kulewa bahari. Nisaidie tafadhali, hata kivuko kifupi kinanimaliza.

JIBU: Pole sana, na wala siyo udhaifu, ni sikio la ndani linaiambia akili tunatikisika wakati macho yako ndani ya chumba yanasema tumetulia, akili inachanganyikiwa tumbo ndo linalipa. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuyapa macho kitu cha kweli, panda juu kwenye hewa, angalia mstari wa upeo wa bahari, simu na kitabu weka. Chumba omba cha katikati ya boti na cha chini, kule omo, mbele ya boti, kunarukaruka sana. Dawa inywe kabla hujaanza kuumwa, zile za vidonge kama nusu saa mpaka saa moja kabla ya kuondoka, kile kibandiko cha nyuma ya sikio masaa manne kabla au zaidi, na ukishaanza kutapika kidonge hakina maana tena, kinatoka nacho. Ongea na daktari kwanza hasa kama una ugonjwa mwingine au utapiga mbizi, kwa sababu nyingi zinaleta usingizi na usingizi na mbizi haviendani. Tangawizi inawasaidia baadhi ya watu.

Na ulize ratiba. Boti ikishakuwa nyuma ya mwamba mawimbi yanavunjikia nje huko na ndani panatulia, shida iko kwenye kuvuka kutoka kundi moja la visiwa kwenda jingine. Chagua safari yenye mivuko mifupi.

SWALI: Nimesoma habari za boti zilizoungua watu wakiwa usingizini. Nitajuaje kama boti iko salama? Mwenyeji ananiona mwoga.

JIBU: Kaka, wewe siyo mwoga, na hili swali natamani kila msomaji aliulize kabla hajalipa. Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception ilikuwa imetia nanga kwenye kisiwa cha Santa Cruz, California, abiria wamelala chini, usiku moto ukawaka sehemu ya juu yao na wakafa watu 34. Uchunguzi ulikuta hakukuwa na mtu wa kuzunguka kulinda usiku, na njia zote mbili za kutokea kule chini zilifikia kwenye ukumbi mmoja, ule ule uliokuwa unaungua. California siyo bahari ya matumbawe lakini boti zenye mpangilio kama ule ziko bahari zote.

Kwa hiyo uliza hivi, na uulize kwa maandishi: usiku nani anakesha, na anazunguka au amekaa tu? Kutoka vyumbani kuna njia mbili na kila moja inatokea sehemu tofauti? Betri za kamera na tochi zinachajiwa wapi, na usiku zinaachwa zikichaji bila mtu? Hayo matatu ukijibiwa bila kuzungushwa umeshajua mengi kuhusu hiyo boti. Ongeza oksijeni ya dharura, redio inayofika mbali au simu ya setilaiti, na maboya ya kuvaa ya kutosha watu wote. Ukipanda siku ya kwanza kabla ya kufungua begi itembee hiyo njia ya dharura mwenyewe, fungua ule mfuniko wa kutokea kwa mkono wako uone kama unafunguka kweli au wameujazia mizigo juu yake.

Kingine ni kuhesabiwa. Mwaka 1998 kule Great Barrier Reef wapiga mbizi wawili waliachwa baharini kwa sababu hesabu ya watu haikufanywa sawasawa, hawakupatikana tena, na baada ya hapo jimbo la Queensland wakakaza sheria. Ukitoka majini mtu akutaje jina akuone kwa macho, siyo kupiga makadirio. Na nunua lile boya jembamba la rangi ya machungwa la kujaza hewa, beba na filimbi, ni vitu vidogo vinavyoonekana na kusikika kutoka mbali.

Alafu nahodha. Nahodha anayejua miamba anapita kwenye matumbawe jua likiwa juu na likiwa nyuma yake, hapo maji yanamsomesha, kahawia ni mwamba uko karibu, bluu iliyoiva ni kina. James Cook mwenyewe, yule nahodha maarufu wa Kiingereza, meli yake ilikwama kwenye Great Barrier Reef usiku wa Juni 1770. Siku hizi kuna ramani za kompyuta na GPS lakini sehemu nyingi za visiwa vya mbali hazijapimwa vizuri, kwa hiyo nahodha akisema leo hatusogei mpaka asubuhi, msimlalamikie kuhusu ratiba, mshukuruni.

SWALI: Sanskrini inaua matumbawe kweli au ni maneno tu? Na nikigusa kidogo kuna shida gani?

JIBU: Palau, nchi ya visiwa huko Pasifiki, walipiga marufuku sanskrini zenye kemikali fulani kuanzia Januari 2020, Hawaii wakafuata 2021 kwa kuzuia kuuza zenye oksibenzoni na oktinoksati. Soma nyuma ya chupa, ukikuta hayo majina iache, chukua ya madini kama oksidi ya zinki. Ila jibu bora kuliko losheni yoyote ni kuvaa nguo ya mikono mirefu majini, mgongo ndo unaoungua ukielea na mgongo ndo usioufikia kupaka.

Kugusa, hapana, hata kidogo. Lile tumbawe ni wanyama wadogo wengi wameshikana, wana utando laini juu unaowakinga, mkono wako unautoa. Matumbawe ya mabonge yanakua sentimita moja hivi kwa mwaka, mengine chini ya hapo, bonge la ukubwa wa meza limechukua miaka mingi sana kukua na teke moja la pezi za miguuni linaweza kulijeruhi. Na baya kuliko mikono yetu sote ni nanga. Nanga ikitupwa kwenye mwamba inavunja, mnyororo unasaga pembeni usiku kucha boti ikizunguka. Uliza kabisa: mnafunga kwenye maboya yaliyowekwa au mnatupa nanga? Wakisema nanga, kwenye mchanga au wapi? Hili swali lina nguvu likitoka kwa anayelipa, wakiulizwa na wateja kumi watabadilika.

SWALI: Simu nitachaji? Mtandao upo?

JIBU: Chaji ndio, wakati jenereta inawaka. Mtandao usiutegemee, waage watu wako kabla.

SWALI: Nasikia matumbawe yanakufa dunia nzima. Kuna maana ya kwenda, au nikienda ndo naongeza tatizo?

JIBU: Hili limeniuma kulisoma kwa sababu na mimi linanikaa kichwani. Kinachotokea ni hivi, ndani ya mwili wa tumbawe kunaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, ndo unalitengenezea chakula kwa jua na ndo unalipa rangi. Maji yakipanda kama nyuzi moja tu ya Selsiasi juu ya joto la kawaida la kiangazi na kukaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linautema ule mwani, linabaki jeupe mifupa ikionekana. Hapo halijafa bado. Joto likishuka mapema linaweza kurudi. Likikaa, linakufa kwa njaa. Great Barrier Reef imepauka kwa wingi 1998, 2002, 2016, 2017, 2020, 2022, 2024 na 2025, ebu angalia hiyo miaka inavyosogeleana, zamani mwamba ulikuwa unapata muda wa kupona. Aprili 2024 ilitangazwa rasmi kupauka kwa dunia nzima kwa mara ya nne tangu watu waanze kufuatilia.

Kwa hiyo ndio, unaweza kwenda ukakuta sehemu nyeupe au sehemu iliyokufa imefunikwa na mwani wa kijani, na nataka uende ukijua hivyo, usije ukaona umetapeliwa. Lakini utakuta pia sehemu hai ambazo zitakufanya ulie ndani ya miwani, kwa sababu mwamba haufi wote kwa pamoja, mikondo ya maji baridi inaokoa huku, kina kinaokoa kule.

Na je uende? Ndege na injini vinachoma mafuta, hilo hatuwezi kulifuta. Upande mwingine sehemu nyingi ada ya kuingia hifadhi ndo inayolipa askari wa doria na maboya, na watu wa visiwani wakiona mwamba ulio hai unawalisha wanaulinda dhidi ya baruti na uvuvi haramu. Palau walitangaza maji yao kuwa hifadhi ya papa mwaka 2009 wakijua kabisa wageni wanakuja kumwona papa hai. Mimi naona uende, ila uende mara moja kwa muda mrefu kuliko safari fupi tano, uchague boti ndogo inayolipa ada zote na inayoajiri watu wa hapo, na ukiwa kule usiwe mtazamaji tu. Great Barrier Reef kuna mpango wa mamlaka ya hifadhi unaitwa Eye on the Reef ambapo hata mgeni wa kawaida anatuma picha na alichokiona, tumbawe lililopauka, kasa, nyota wa baharini wale wa miiba wanaokula matumbawe, na taarifa zinatumika. Sehemu nyingine muulize kiongozi wenu, mara nyingi kuna watafiti wanaohitaji macho zaidi.

SWALI: Safari inaisha asubuhi na ndege yetu ni mchana huo huo, tutakuwa tumepiga mbizi mpaka siku ya mwisho. Kuna tatizo?

JIBU: Kubwa sana, badilisheni tiketi. Ukipiga mbizi nitrojeni inaingia mwilini na inahitaji muda kutoka taratibu, ukipanda angani mapema presha inashuka na inageuka mapovu kwenye damu na viungo. Ushauri wa kawaida kwa mtu aliyepiga mbizi siku nyingi mfululizo ni kusubiri angalau masaa 18, na boti nyingi zinataka 24. Boti inayojali itawapa mbizi ya mwisho siku moja kabla ya kushuka, siku ya mwisho mnatembea kisiwani au mnaelea na snokeli tu. Kama ratiba yenu haiko hivyo, hiyo mbizi ya mwisho iacheni nyie wenyewe, mlale usiku mmoja hapo bandarini ndo mpande ndege.